Magunia manne ya uzi mwekundu: kupeleka mchele Kalemie

Mimi ni mama wa Uyole, Mmoravian, nauza mchele wa Mbarali. Nimevuka Ziwa Tanganyika na mzigo mara tatu kwenda Kalemie, Kongo. Naenda kwa sababu umoja wa wanawake wa usharika wetu una dada zetu kule, wengine walikimbia vijiji Watwa na Waluba walipopigana. Naenda pia kwa sababu mchele kule unalipa. Sioni haya kuzitaja sababu zote mbili kwa pumzi moja. Kwenye magunia ndipo ninapozitenganisha.

Mzigo wangu huwa magunia arobaini. Manne ni fungu la kumi, na midomo yake naishona kwa uzi mwekundu nyumbani kabla fuso haijaja. Thelathini na sita ni biashara. Safari ya kwanza sikufanya hivyo. Bandarini niliona ushuru utanimaliza, nikamwambia ofisa kwamba mzigo wote ni wa kanisa. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, karatasi ya kanisa iko wapi?" Mchele ulilala nje siku nne ukanyeshewa, na mchungaji aliyekuja kunipokea akajikuta anatetea uongo wangu mbele ya watu wanaomheshimu. Mchele nimeshausahau. Ile sura ya mchungaji bado.

Kwa hiyo barua ya usharika itaje magunia ya sadaka tu, idadi yake, na iwe na muhuri. Tafuta mtu akuandikie na nakala ya Kifaransa, maana maofisini ndiyo lugha yao hata kama mtu anakusalimia kwa Kiswahili. Ya biashara yasafiri na karatasi zake: cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na cheti cha asili, kinachoonyesha mzigo umetoka nchi gani, kutoka TCCIA, chemba ya wafanyabiashara. Chanjo ya homa ya manjano choma angalau siku kumi kabla, kadi ikae pamoja na pasi.

Sasa usalama. Goma, mashariki mwa Kongo, ilipochukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025, kisha Bukavu Februari, kila mtu sokoni alinikataza kusafiri. Hakuna hata mmoja aliyejua lolote la Kalemie, ambayo iko mbali kusini. Usiwasikilize hao, na usimsikilize mwenyeji wako peke yake, anakupenda na anataka uje, atasema "Mungu yupo." Mungu yupo, ndiyo, ila mimi napiga simu tatu: kwa mwenyeji, kwa nahodha wa boti, na kwa mama muuza unga. Huyo wa mwisho simuulizi habari za vita. Namuuliza kama mihogo ya vijijini inaingia sokoni na unga ni bei kani, kama wanavyosema wao. Wanavijiji wakiacha kuleta mihogo, ujue njia zimefungwa au watu wamekimbia, hata kama redio haijasema. Mwaka huo nilikaa nyumbani wiki saba nikingoja mihogo.

Njia yangu ni Tunduma, Sumbawanga, Matai, kisha bandari ya Kasanga. Juni hadi Agosti upepo wa kusini ni mkali. Nahodha akisema tulale, lala.

Ukifika, rudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Dola zako ziwe mpya: yenye mchaniko mdogo tu hawaipokei. Usipige picha bandari, daraja wala askari. Mwanangu aliwahi kunipa koti la madoa ya kijeshi kwa ajili ya baridi ya usiku ziwani. Nililiacha Mbeya na nawe liache. Usimuulize mtu kabila lake.

Jumapili utaombwa kuomba mbele ya kanisa. Hapo watu wengi huteleza. Mama mmoja alininong'oneza niombee upande fulani ushinde, na ndani ya benchi lilelile huenda yupo aliyefiwa na upande huo. Mimi huombea amani, wafiwa na wasafiri, nakaa chini.

Kuhusu bei, uza kwa bei ya soko la pale. Huruma itakushawishi ushushe, lakini kuna akina mama wanaouza mchele kwa kopo kando ya barabara, na mchele wa rahisi wa mgeni mcha Mungu unawaua kwa wiki nzima. Huruma yako ipo kwenye uzi mwekundu. Hayo manne wakabidhi viongozi wa akina mama, wagawe wenyewe, wanajua nani hajala. Usisimame na simu kupiga picha wanaopokea. Omba saini moja tu kwenye daftari, uisome usharikani ukirudi, pamoja na hasara kama ipo.

Magunia matupu usiyadai.