Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni: mazoezi ya nyumbani hatua kwa hatua

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumhudumia mama mmoja, mkulima wa zabibu wa Hombolo, Dodoma. Alikuja kliniki kiwiliwili kimeegemea upande, maumivu yakimtoka kiunoni na kupita takoni hadi kwenye shavu la mguu. Mazoezi alikwishapewa mahali pengine, na yalikuwa sahihi kabisa, lakini aliyaacha upesi kwa sababu hakuna aliyemweleza namna ya kuyasoma maumivu wakati anayafanya. Wengi huachia hapo. Ndiyo maana hatua ya 3 ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Hakikisha ni maumivu ya kufanyiwa mazoezi

Usianze zoezi lolote ikiwa mkojo au haja kubwa inakuponyoka, mkojo umegoma kutoka, au una ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja. Hiyo ni dharura: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Vivyo hivyo kama mguu unazidi kulegea. Aliyeanguka au kupata ajali ya bodaboda naye aonwe na daktari kwanza.

Homa, jasho la usiku na kukonda ni habari nyingine. Kifua kikuu huingia hata kwenye pingili za mgongo. Brusela, inayopatikana kwa kunywa maziwa mabichi au kuzalisha mifugo kwa mikono mitupu, huumiza mgongo na viungo. Kama unafuga, uwe Chamwino au Bahi, na kiuno kinauma pamoja na homa inayokuja na kuondoka, kapime damu kwanza.

Kama huna dalili hizo, usikimbilie kuuza mbuzi ili upige MRI, ile picha ya mashine inayoonyesha ndani ya mgongo. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliohusu watu wasio na maumivu yoyote, ulionyesha diski (vigodoro vilivyo kati ya pingili za mgongo) zilizochakaa kwa 37% ya wenye miaka 20 na 96% ya wenye miaka 80. Picha inaweza kukuonyesha uchakavu ambao si chanzo cha maumivu yako, kisha ukaishi na hofu ya kuinama.

Hatua ya 2: Tandika mkeka sakafuni

Godoro la sponji linabonyea, halifai.

Hatua ya 3: Lala kifudifudi, na usome maumivu yanakoelekea

Kabla ya kulala, chukua kalamu uchore mstari kwenye ngozi ya mguu pale maumivu yanapoishia. Usiruke hili.

Sasa lala kifudifudi, mikono ubavuni, uso umegeuzwa upande mmoja, dakika 2 hadi 3. Kisha jiinue kwenye viwiko, ukae hivyo dakika nyingine 2 hadi 3. Ukivumilia, weka viganja chini usawa wa mabega, usukume kifua juu huku nyonga zimebaki mkekani, halafu ushuke. Rudia mara 10. Mzunguko huo fanya kila baada ya saa 2 au 3 ukiwa macho. Matako yalegee, pumzi itoke unapofika juu. Nyonga zikinyanyuka mkekani, zoezi limekwisha maana.

Kisha simama uangalie mstari wako. Maumivu yakipanda, yaani yametoka kwenye shavu la mguu yakaja pajani, au kutoka takoni yakajikusanya kiunoni, uko njia sahihi, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kuliko mwanzo. Yule mama alipofika hapo aliniambia, “Mwanangu, mbona kiuno ndiyo kimezidi?” Nikamuuliza, “Na huku chini, mama?” Akajibonyeza kwenye mstari, akabonyeza tena. Hapakuuma. Kule nyuma aliacha mazoezi kwa dalili hiyohiyo ambayo mimi huisubiri kwa hamu.

Yakishuka chini ya mstari, au ganzi ikizidi, acha. Usijikaze.

Njia hii ina historia yake. Mwaka 1956, huko New Zealand, mgonjwa wa mtaalamu wa fiziotherapia Robin McKenzie alilala kifudifudi kwa dakika chache kwenye kitanda kilichokuwa kimeinuliwa upande wa kichwa. Alipoinuka, maumivu ya mguu yalikuwa yametoweka. Tangu hapo McKenzie alianza kufuatilia maumivu yanahamia wapi.

Tahadhari ni nyingi, zisome zote. Mjamzito asilale kifudifudi. Mzee ambaye miguu inamuuma akitembea, na inapoa akikaa au akiinama, mara nyingi ana njia ya neva iliyobanwa mgongoni. Huyo hulala chali na kuvuta magoti kifuani. Kama kiwiliwili kimeegemea upande mmoja, mtaalamu akunyooshe kwanza, kama nilivyofanya kwa yule mama. Usimeze dawa ya maumivu muda mfupi kabla ya jaribio la kwanza, kwani itaficha majibu. Na siku 3 zikipita mstari haujasogea, rudi upimwe. Zoezi hilo si lako.

Hatua ya 4: Tembea

Dakika 10, mara kadhaa kwa siku. Kulala kitandani siku nzima kunadhoofisha misuli na kuchelewesha nafuu.

Hatua ya 5: Jenga nguvu

Anza maumivu ya mguuni yakishatulia. Lala chali, kunja magoti, nyanyua kiuno, hesabu hadi 5, shusha. Kisha kaa kitini usimame bila kushika chochote, taratibu, mara 10. Hilo la kiti ndilo ninalowapa pia wenye magoti yaliyochakaa, kwa sababu misuli ya paja ikiwa imara goti hupata nafuu. Nguvu hujengeka kwa wiki 6 hadi 12, kwa hiyo usinihukumu wiki ya kwanza. Kubeba maji, anza na ndoo ya lita 5, ndipo 10, ndipo 20.

Mkanda wa mgongo siuungi mkono. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno nao haupendekezi mikanda wala kuvutwa mgongo kwa mashine, mazoezi unayapendekeza. Kukandwa ni sawa, mradi ukiinuka ufanye mazoezi yako.

Hatua ya 6: Rudi shambani

Wakati wa kupalilia au kupogoa mizabibu, kila nusu saa simama, weka viganja kiunoni, jipinde kwenda nyuma mara 5. Jembe la mpini mfupi libadilishe, mpini mrefu unaupunguzia mgongo kuinama.

Ukija kliniki, beba kaptula, na uniambie maumivu yaliishia wapi asubuhi ya siku hiyo.