Kabla Hujaenda Guatemala Kujitolea kwa Watoto wa Kimaya

Pasipoti, viza na bima ya afya unavijua. Cheti cha homa ya manjano, kama unatokea Kenya au Uganda, kaa nacho mkononi. Beba sweta nzito: mji wa Quetzaltenango uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na usiku baridi yake inauma. Maji ya bomba usinywe.

Angalia kalenda kabla ya kukata tiketi. Shule za serikali hufunguliwa Januari na kufungwa Oktoba. Ukifika Novemba kufundisha, utakuta madarasa yana kufuli na familia nyingi zimeteremka kuchuma kahawa kwenye mashamba ya watu, watoto wakiwa nao.

Kihispania jifunze, lakini kisikudanganye. Nchi hiyo ina lugha 22 za Kimaya, za wenyeji wa asili, na mtoto wa miaka mitano huko mkoa wa Sololá huenda anajua moja tu kati yake, Kikaqchikel. Hakikisha yuko mwalimu wa palepale atakayesimama nawe darasani. Kama hayupo, usiende kwanza.

Pipi acha nyumbani. Karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano Guatemala wamedumaa, na vijiji vya Wamaya ndivyo vilivyoumia zaidi. Wanahitaji mayai na maharage. Na pipi ina hatari nyingine, hii nisikilize vizuri.

Ilikuwa siku ya soko, kijiji kimoja juu ya Ziwa Atitlán. Dada mmoja wa kikundi chetu, mtu mwema kabisa, alimwona mtoto ameketi juu ya gunia la mahindi huku mama yake akimpimia mteja nyanya. Akachuchumaa, akampa pipi, akamnyanyua na kusogea naye penye mwanga apige picha. Mama kugeuka, mtoto hayupo. Alipiga yowe moja tu. Wauza mboga wakaacha meza zao, wanaume wakaja mbio, wengine na mapanga yao ya shamba, gari letu likazingirwa. Aliyetuokoa ni mwalimu wa shule ya pale kijijini, mama wa makamo. Alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni kwa mama yake, halafu akasimama mbele yetu akawasemesha watu kwa lugha yao, taratibu, muda mrefu, mpaka njia ikafunguka. Dada yule alitetemeka mpaka tunafika.

Usiwaite washamba. Mwaka 1994, San Cristóbal Verapaz, Mmarekani mmoja alipigwa mpaka akazimia akidhaniwa mwizi wa watoto. Mwaka 2000, Todos Santos Cuchumatán, mtalii Mjapani na dereva wa basi waliuawa kwa hofu hiyohiyo. Walioumizwa hawakuwa na kosa, lakini hofu yenyewe haikuzuka hewani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1960 hadi 1996 viliua au kupoteza watu zaidi ya 200,000, wengi wao Wamaya, na wapo watoto waliochukuliwa wasirudi. Kisha ikaja biashara ya kuasili watoto, wageni kuwachukua wawalee kama wao: mwaka 2007 pekee watoto zaidi ya 4,000 walipelekwa Marekani, baadhi kwa karatasi za kughushi, hadi sheria ilipobadilishwa mwishoni mwa mwaka huo. Mama wa sokoni haya anayajua.

Kwa hiyo omba utambulishwe kwa wazazi na kwa baraza la kijiji, wanaloliita COCODE, kabla hujagusa kazi yoyote. Mtoto usimbebe. Njiani usimpe kitu, hata akikufuata. Madaftari uliyoleta mkabidhi mwalimu. Picha ni mpaka mama akubali, na umwonyeshe uliyoipiga. Akikataa, simu mfukoni, wala usimbembeleze.

Shirika likikutoza ada, uliza inakwenda wapi. Ukipelekwa kwenye makao ya watoto, uliza wangapi wana wazazi walio hai, maana umaskini tu huwatosha wengi kuishia humo. Kati ya Mei na Oktoba fuatilia mvua: Oktoba 2005 maporomoko ya matope yaliifukia Panabaj, kando ya Santiago Atitlán, usiku watu wamelala. Safari za usiku milimani ziache, pesa zote usiziweke mfuko mmoja, na mwenyeji akikwambia leo msitoke, msitoke.