Historia ya hoteli kongwe ya ufuoni: anza na dobi

Hoteli ya pwani iliyodumu miaka hamsini na zaidi ina historia mbili. Moja imetundikwa mapokezi ndani ya fremu: mwenye hoteli, mgeni mashuhuri, samaki mkubwa aliyening'inizwa. Nyingine wanayo waliofua, waliopika na walioezeka. Mimi nimestaafu kazi ya mapokezi upande wa Nyali, Mombasa, na kijana akiniuliza aanzie wapi, humwambia amtafute dobi. Yeye ndiye aliyekuwa akihesabu mashuka, kwa hivyo ajua vyumba viliongezwa lini na mwaka gani vilikaa vitupu.

Usimwendee mzee na orodha ya maswali mkononi. Nenda baada ya alasiri, muamkie, ulizia watu wa nyumbani, kahawa ipite. Kisha mwombe akutembeze kwa maneno tu, kutoka langoni kwa askari mpaka mchangani: kulia palikuwa na nini? Jiko lilikuwa wapi? Ukimkazania "mwaka gani, mzee?" atakutajia wowote ili usiondoke mikono mitupu. Muulize hivi: "Mzee, siku hizo mlikuwa mwavuka vipi?"

Hapo tarehe hujileta zenyewe. Kwenda Nyali kutoka kisiwani watu walipita daraja la kuelea lililofunguliwa 1931, na kulipia walilipia. Daraja la sasa ni la 1980. Kwa wa kusini, feri ya Likoni ilianza 1937. Hoteli ya Nyali Beach ilifunguliwa 1946. Basi mzee akikwambia alianza kazi wakati Nyali Beach iko tayari, na bado wavuka kwa lile la kuelea, umeshambana kati ya 1946 na 1980. Si haba kwa kikombe cha kahawa.

Makaratasi nayo yasome vivyo hivyo. Bili yenye anwani ya Kilindini Road ilichapwa kabla barabara haijaitwa Moi Avenue, na Moi alishika urais 1978. Salim Road ndiyo Digo Road ya leo. Hesabu zikiwa kwa rupia, umebahatika: hizo ni za kabla ya shilingi kuingia 1921.

Lakini mimi nikiachiwa kabati la ofisi, nitatafuta risiti za makuti. Paa la makuti halidumu. Jua na mvua hulila, na kila baada ya miaka michache fundi huitwa tena. Kila risiti ina idadi ya makuti, jina la aliyeyaleta, na mara nyingi jengo lenyewe: "baa", "jiko", "banda la wafanyakazi". Zipange kwa tarehe sakafuni uone hoteli ikikua. Pakiwa na pengo, uliza. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yaliwafukuza watalii, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 hali ikawa vile vile. Mwenye hoteli asiye na wageni haezeki paa. Waliorudishwa nyumbani bila mshahara hawatakutajia hayo mpaka uwaulize, tena si mbele ya meneja.

Picha usizibandue kwenye albamu. Joto letu huzigandisha kwenye plastiki, ukivuta uso wa mtu hubaki huko. Zipige kwa simu kivulini, na zile zilizolegea zigeuze: nyuma huenda kuna muhuri wa studio.

Wazee wawili wakibishana nani alichimba bwawa la kuogelea, andika kauli zote mbili, kila moja na jina la mwenyewe. Usiwe kadhi. Ukimaliza, rudi umsomee kila mmoja sehemu yake kabla mwenye hoteli hajaiona, na lile atakalosema "hilo toa, mwanangu", litoe bila kumuuliza sababu.