Kutunza kalenda ya Babeli kwa mwezi na Kilimia

Kalenda ya Babeli inatunzika hata leo kwa macho matupu, daftari, na uwanja ulio wazi upande wa magharibi. Kazi ni mbili: kuanza mwezi kwa wakati wake, na kujua mwaka upi uongezewe mwezi wa 13.

Jioni ya siku ya 29, jua likishatua, tazama pale lilipozamia kwa dakika 20 hadi 45. Mwezi ukiandama, usiku huohuo ni tarehe 1, maana siku ya Babeli ilianza jua linapotua. Usipoonekana, timiza 30, kisha anza mwezi mpya bila kungoja. Siku ya 31 haipo. Mawingu ndiyo yanayoharibu hesabu, kwa hiyo jikague: miezi ya siku 30 haifuatani zaidi ya minne, wala ya 29 zaidi ya mitatu. Daftari likionyesha mitano ya 30 mfululizo, kuna hilali iliyokupita.

Miezi 12 ya namna hii ni siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Hijri haifidii upungufu huo, ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote, na wakulima na mabaharia wa pwani yetu wakaweka hesabu ya Nairuzi kando yake. Wababeli walifidia, ili Nisannu, mwezi wao wa kwanza, usihame mbali na Machi na Aprili.

Shahidi wao alikuwa Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota. Mabamba ya udongo yaitwayo MUL.APIN yanasema: mwezi ukilingana na Kilimia tarehe 1 Nisannu, mwaka ni wa kawaida, ukilingana nacho tarehe 3, ongeza mwezi. Sababu yake ni nzuri mno. Mwezi husogea mashariki kama digrii 13 kwa siku. Ukihitaji siku 2 zaidi kukifikia Kilimia, basi jua nalo liko digrii 26 nyuma ya mahali pake, na jua hutembea digrii 1 tu kwa siku. Kwa hiyo mwaka umeanza karibu mwezi mzima kabla ya msimu wake.

Kupima, nyoosha mkono: ngumi ni takriban digrii 10. Huku karibu na ikweta, linganisha kimo juu ya upeo tu. Mwezi unaweza kuwa kushoto kwa Kilimia hadi karibu ngumi moja na bado ukahesabiwa umelingana nacho. Tarehe 1, Kilimia kikiwa juu ya mwezi kwa ngumi 2 na nusu, ongeza. Kikiwa juu kwa ngumi moja, acha. Mwakani kitakuwa juu zaidi kwa digrii 11 na jibu litakuwa wazi.

Usikitafute Machi, hata hivyo. Mhimili wa dunia huyumba polepole, nyota zikihama digrii 1 kila miaka 72, na kanuni hii sasa inaangukia karibu na mwanzo wa Mei, katikati ya masika. Mawingu yakifunika tarehe 1, tazama tarehe 3: kama Kilimia kimekwisha kumezwa na mwanga wa machweo, mwaka ni wa kawaida. Kikiwa kimo kimoja na mwezi, ongeza.

Mwezi wa ziada huwekwa baada ya Addaru, wa 12, au mara chache baada ya Ululu, wa 6. Kufikia karne ya 4 K.K. Wababeli walikuwa na mzunguko maalumu: miezi 7 ya ziada katika miaka 19, jumla miezi 235. Ukikosa anga safi miaka miwili mfululizo, fuata mzunguko huo mpaka Kilimia kionekane tena.