Kupita na pikipiki kwenye shamba la mtu: mwongozo kwa waendeshaji wa kandokando ya Ziwa Victoria

Kuanzia Juni, pamba ikishavunwa na mabua ya mahindi yakishaachiwa ng'ombe, mashamba kati ya barabara kubwa na ziwa huonekana kama uwanja mmoja. Pikipiki zinakata popote, vumbi linapanda, hakuna anayeuliza. Novemba mvua ikishakolea, mzee yuleyule aliyekuwa akikupungia mkono anakusimamisha, jembe likiwa begani. Hajabadilika yeye. Shamba ndilo limebadilika: ulipozoea kupita sasa pana mbegu.

Ugomvi mwingi unaanzia hapo. Dereva anaona kafungiwa njia. Mwenye shamba anajua hakuwahi kutoa njia, alivumilia tu msimu wa kiangazi. Mwongozo huu ni kwa bodaboda, kwa wachuuzi wanaowahi samaki mwaloni, boti zinakoshushia, alfajiri, na kwa vijana wanaotoka mjini Mwanza Jumapili kwenda kukimbiza pikipiki upande wa Igombe, Kayenze, Magu au Misungwi.

Ardhi isiyo na uzio ina mwenyewe

Usipoona seng'enge usidhani hapana mwenyewe. Usukumani mpaka wa shamba huwa ni mstari wa mkonge, safu ya minyaa, tuta lililoachwa bila kulimwa, au mti mmoja ambao majirani wote wanaujua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaitambua hakimiliki ya kimila hata kama mwenyewe hajawahi kupewa karatasi. Kwa hiyo kumuuliza mzee "hati iko wapi?" hakukusaidii chochote, na ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuharibu mazungumzo.

Kuna kosa lingine linalofanywa sana na watu wa mjini: "Ziwa ni la wote." Maji ni ya wote, sawa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo imezuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Lakini ukanda ule umewekwa kulinda ziwa. Haukuwekwa uwe barabara ya pikipiki, wala mahali pa kuoshea injini na kumwaga oili chafu. Na kabla hujaufikia, mara nyingi unakuwa umeshakanyaga mihogo ya mtu.

Njia ya kijiji iliyo halali utaitambua kwa mambo mawili: wanaipita watu wa miguu, ng'ombe na baiskeli mwaka mzima, na wakulima wa pande zote mbili wanaiacha wanapolima. Njia inayopita katikati ya matuta si njia. Ni alama za matairi ya waliokutangulia.

Namna ya kuomba

Ombeni kabla ya msimu wa kilimo, Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Ukienda kuomba Desemba, mahindi yakiwa yamefika magotini, unamwomba mtu akubali hasara. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, au wa mtaa kama ni ndani ya jiji. Yeye ndiye atakayekuambia shamba ni la nani, nani amelikodi mwaka huu, na kama kuna kesi ya mipaka. Hilo la mwisho ni zito: ukipewa ruhusa na ndugu mmoja kwenye shamba lenye mgogoro, ndugu wa pili atakuona umetumwa.

Nendeni wawili, msizidi watatu. Kundi la pikipiki saba likiingia uani linafanana na uvamizi. Zima injini nje ya boma, vua helmeti, piga hodi, usubiri. Salamu ya Kisukuma inafungua milango: "mwangaluka" asubuhi, "mwadila" kuanzia mchana. Usipoimudu, "shikamoo" inatosha. Kisha sema shida yako yote kwa mara moja, bila kuzunguka:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karibuni."

"Asante, mzee wangu. Sisi ni wa kijiwe cha pale njiapanda. Tunaomba kupita pembeni ya shamba lako, upande wa minyaa, kwenda mwaloni. Pikipiki kama kumi kwa siku, alfajiri na jioni. Ukianza kulima tutahama. Kukitokea uharibifu, tunakuja wenyewe."

Sema upande gani, pikipiki ngapi, saa ngapi, na mwisho lini. Ruhusa isiyo na mambo hayo manne haidumu, maana mzee alikubali pikipiki kumi akaona arobaini. Kama shamba linalimwa na mke wake au mama yake, waulize na wao. Ndio wanaoshinda pale na jembe, na ndio watakaokukuta. Akikataa, shukuru na uondoke. Usiongeze "mbona wengine wanapita?"

Ruhusa ikipatikana, iandikeni kwenye daftari la kijiwe: jina la mwenye shamba, upande, tarehe ya kuanza na ya kuisha, sahihi yake na ya mwenyekiti. Nakala abaki nayo mwenyewe.

Kupita kwenyewe

Gia ya kwanza au ya pili, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Mfuate aliyetangulia kwenye alama yake ileile. Kila anayekwepa kidimbwi kwa kuingia kushoto anapanua njia kwa nusu mita. Wiki mbili za mvua zinatosha kuifanya njia ya futi mbili iwe ya mita nne. Penye kidimbwi, shuka usukume.

Kwenye mbuga, yaani udongo mweusi unaonata, usipite kabisa mvua ikiwa imenyesha jana. Udongo ule ukikanyagwa ungali mbichi unakauka kama tofali, na mfereji wa tairi unageuka mkondo. Maji ya mvua inayofuata yanaupitia, na kwenye mteremko unaweza kukuta korongo kabla masika hayajaisha. Kwenye mchanga wa mlimani madhara ni madogo zaidi. Hapo yaangalieni tu matuta ya viazi vitamu, maana tuta likivunjwa viazi vinabaki wazi kwa jua na fukusi.

Ng'ombe wanaolima: simama walau mita 30, zima injini, subiri wafike mwisho wa mstari. Mara nyingi anayewaongoza mbele ni mtoto. Wakishtuka na plau bado iko ardhini, wanakimbia nayo, na ulimi wa plau haumchagui wa kumkata. Usipige honi. Honi ndiyo inayowashtua kuliko mlio wa injini, ambao masikio yao yameshauzoea toka mbali.

Mbuzi aliyefungwa ni hatari ambayo wageni hawaijui. Kigingi kiko upande mmoja wa njia, mbuzi yuko ng'ambo, na kamba ya mita tatu au nne imelala kwenye nyasi. Unapokaribia, mbuzi anaruka, kamba inanyanyuka na kukaza usawa wa taa au kifua chako. Ukimwona mbuzi peke yake amesimama, tafuta kigingi kwanza ndipo upite.

Usikate tawi la mnyaa kupanua njia. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza vibaya. Ikitokea, osha kwa maji mengi safi papo hapo na umpeleke mtu kituo cha afya. Zaidi ya hapo umeshatoboa uzio wa mtu, na ng'ombe wa jirani watapita tundu lilelile kula mahindi usiku. Kesi itakuja kwako, si kwa ng'ombe.

Ngitili, lile eneo la nyasi ndefu lililofungiwa malisho ya kiangazi, halipitiwi hata kama ni tupu. Mwezi wa nane nyasi zake zimekauka, zinanasa kwenye ekzosi ya moto, na cheche moja inamaliza chakula cha mifugo cha miezi mitatu. Makaburi ya ukoo yako ndani ya boma au pembeni yake, mengine ni mawe tu yaliyopangwa. Ukiona mawe yamepangwa kwa urefu wa mtu, zunguka mbali.

Majaruba

Kingo za majaruba, yaani vitalu vya mpunga vinavyotuamisha maji, zinavutia: zimenyooka, ngumu, upana wa tairi. Usipande juu yake na pikipiki, hata kama mwenyewe anapita na baiskeli. Pikipiki ya cc 125 au 150 yenye abiria na gunia inapasua ukingo ndani kwa ndani. Juu unaonekana mzima, chini maji yameanza kupenya. Asubuhi jaruba la juu limekauka na la chini limefurika, na pengine ni la mtu mwingine. Sasa una kesi mbili.

Ukivunja, usikimbie. Ukingo unazibika kwa nusu saa ukiazima jembe, na ni bora uzibe kabla hujaenda kumwita mwenyewe kuliko kuacha maji yatoke:

1. Toa pikipiki. Pachika mabonge ya udongo yenye nyasi upande wa maji, kasi ipungue.
2. Kwangua tope lote laini kwenye pengo mpaka ufikie udongo mgumu chini na pande zote mbili. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana. Udongo mpya ukiwekwa juu ya tope haushikani, maji yanatoboa katikati usiku.
3. Chukua udongo unaonata, mbali kidogo. Usiuchimbe mguuni mwa ukingo huohuo, unaudhoofisha.
4. Jaza tabaka la unene wa kiganja, kanyaga kwa kisigino, ndipo uweke jingine. Usimimine wote kwa pamoja.
5. Malizia juu kwa vidole vinne zaidi ya ukingo wa zamani, maana utashuka. Piga kwa mgongo wa jembe.
6. Subiri robo saa uangalie upande mkavu. Ukiona jasho la maji, fumua uanze upya.

Kisha nenda kwa mwenye shamba umweleze. Atataka kuona mwenyewe.

Mwaloni

Boti za dagaa zinaingia alfajiri, hasa siku za giza ambapo mwezi haupo. Kuanzia hapo hadi jioni mchanga wote unaweza kuwa umeanikwa dagaa, juu ya nyavu kuukuu au mchangani penyewe. Wengine wana vichanja. Pikipiki ikipita upande upepo unakotoka, vumbi na mchanga vinatua kwenye dagaa wabichi na havitoki. Dagaa wa mchanga wanashuka bei. Wengi wanaoanika ni akina mama walionunua kwa mtaji mdogo, wakati mwingine wa kukopa.

Kwa hiyo egesha juu, usishuke na pikipiki mpaka majini. Waulize viongozi wa BMU, kamati ya ulinzi wa rasilimali ya mwalo ule, maegesho ni wapi. Mzigo ubebwe kwa mikono au toroli. Kamba za boti zilizofungwa kwenye mti au jiwe nazo zinakata njia, na gizani hazionekani.

Ukiharibu mazao

Kubali palepale, kabla hujaulizwa. Hesabuni pamoja, wewe na mwenye shamba, mbele ya mjumbe au jirani. Mahindi yaliyopandwa sentimita 75 mstari kwa mstari na 30 shina kwa shina: tairi likifuata mstari kwa mita 30, ni mashina 100. Hesabu mashina yaliyovunjika, si yaliyolala tu. Yaliyolala yakiwa machanga huinuka baada ya siku mbili au tatu. Kama mazao hayajapita wiki mbili tangu kuota, njia nzuri ni kurudishia: unanunua mbegu ileile, unakuja kupanda mwenyewe siku hiyo au kesho yake. Yakiwa makubwa, kubalianeni kwa debe wakati wa mavuno au kwa pesa sasa, na afisa ugani wa kata awasaidie kukadiria. Andikeni, msaini.

Msipoelewana, kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, watu saba, watatu kati yao wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Lakini ukirudi kwenye shamba ulilokatazwa kwa nia ya kumkera au kumtisha mwenyewe, hapo umetoka kwenye usuluhishi: hiyo ni kuingia kwa jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na ni suala la polisi.

Usiku

Usikate mashamba usiku. Taa inayozunguka kwenye mahindi saa nane inasomeka kama mwizi wa mifugo, na yowe likipigwa, kijiji kizima kinatoka. Ukisimamishwa na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, zima injini, vua helmeti, jimulike uso mwenyewe kwa simu, taja jina lako, kijiwe chako na mtu unayemfuata. Usigeuze pikipiki. Anayegeuza anafukuzwa.

Kwa wenye mashamba na viongozi wa vijiwe

Mzee, una haki ya kufunga. Funga kwa kitu kinachoonekana: gogo, miiba iliyorundikwa hadi usawa wa kifua, kamba yenye vitambaa vyekundu. Usitege waya mwembamba wala mbao za misumari. Waya usawa wa shingo unaua, na anayeuawa anaweza kuwa mjukuu wako kwenye baiskeli. Mwambie mwenyekiti siku mbili kabla ili kijiwe kipate habari.

Kaskazini mwa Marekani na Kanada, wanakoendesha pikipiki za theluji, njia nyingi zinapita kwenye mashamba ya watu kwa hisani ya wenyewe. Vilabu vya waendeshaji ndivyo vinavyoomba ruhusa, vinachomeka vigingi kabla ya msimu na kuviondoa baadaye. Waendeshaji wakitoka nje ya vigingi, mwenye shamba hufunga njia nzima kwa wote. Kijiwe cha bodaboda chenye mwenyekiti na katibu kinaweza kufanya hivyohivyo. Vigingi vya mti vyenye urefu wa mita moja, vilivyopakwa chokaa nchani, kila hatua ishirini na kwenye kila kona. Chomeka upande mmoja tu wa njia, upande wa mazao. Na ving'olewe vyote kabla ng'ombe wa kulima hawajaingia, maana kigingi kilichosahaulika kwenye nyasi kinavunja ulimi wa plau.