Somo: Ufasaha wa kuzungumza katika mtihani wa IELTS

Ndugu wanachama, katika kuwasaidia vijana wa hapa Kigoma wanaojiandaa kwa mtihani wa kuzungumza wa IELTS, yaani mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, nimeona kosa moja likijirudia: mtahiniwa hudhani kuwa ufasaha ni kasi, akayakimbiza maneno, kisha akakwama katikati ya sentensi kwa sababu anafikiri kwa Kiswahili na kutafsiri neno baada ya neno.

Mtihani huu huchukua dakika 11 hadi 14, ana kwa ana na mtahini, na hurekodiwa. Vigezo ni vinne vyenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko wa mawazo, msamiati, sarufi, na matamshi. Katika ufasaha, kinachotenganisha alama za juu na za kati ni aina ya kusita. Mwenye alama 8 au 9 (ya juu kabisa ni 9) husita zaidi akitafuta wazo, ilhali wa chini yake husita akitafuta neno au sarufi. Kusita kwa kwanza hakuna ubaya, kwani hata mzee wa Ujiji anayesimulia habari za ujana wake hunyamaza kidogo ili akumbuke. Kazi yetu ni kupunguza kule kwa pili.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mambo unayoyajua kwa undani. Katika sehemu ya pili ya mtihani utapewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kujiandaa, kisha utazungumza kwa dakika 1 hadi 2. Kadi ikikutaka ueleze mahali penye maji, usihangaike na mto wa Ulaya ambao hujauona. Eleza Ziwa Tanganyika, mwalo wakati dagaa wanapoanikwa, na taa za wavuvi zinazoonekana usiku kama mji mwingine juu ya maji. Jambo ulilolishuhudia halihitaji kutungwa, hivyo akili hubaki na kazi ya lugha peke yake.

Hatua ya pili, ambayo naithamini kuliko zote, ni kurudia simulizi lile lile kwa muda unaopungua. Simulia kwa dakika 4 huku ukijirekodi kwenye simu, kisha kwa dakika 3, kisha kwa dakika 2. Mara ya kwanza utakwama sana, lakini kufikia mara ya tatu mafungu ya maneno yatakuwa yameanza kushikana na kutoka pamoja. Tafadhali usiandike insha ukaikariri, kwa maana mtahini huitambua mara moja.

Hatua ya tatu ni kusikiliza rekodi na kuandika pale tu ulipokwama kwa kukosa neno. Kama lililokosekana ni jina la karabai, jizoeze kulizunguka kwa kusema kuwa ni taa ya mafuta ambayo wavuvi huiwasha mtumbwini ili kuwavuta dagaa. Kuzunguka kwa namna hiyo, kukifanywa vizuri, huhesabiwa kuwa uwezo wa msamiati.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Niko Kasulu na sina mtu wa kuzungumza naye Kiingereza. Nifanyeje?

Marahaba. Hatua ya pili haihitaji mwenzako. Ukisha kuizoea, jiulize maswali ya «kwa nini» juu ya mada ile ile na uyajibu kwa sauti, kwa sababu sehemu ya tatu ya mtihani ni mjadala wa aina hiyo.

Je, lafudhi yangu ya Kiha itanipunguzia alama?

Lafudhi yenyewe haikupunguzii alama mradi unaeleweka bila taabu. Chunga r na l, na usiongeze irabu mwishoni mwa neno. Sauti ya th tayari unayo kama unatamka «thelathini» na «dhahabu» ipasavyo, na si «selasini» na «zahabu». Anza kuirekebisha hapo.

Nisipolielewa swali, ni kosa kuomba lirudiwe?

Si kosa. Omba kwa sentensi moja fupi na ya adabu, tena mapema, kabla ukimya haujarefuka.