Namna ya Kudai Haki Gari Jipya Linapokuwa na Kasoro Nchini Kenya

Mtu anayerudisha gari jipya gereji mara kwa mara kwa hitilafu ile ile huishia kuambiwa ama kwamba kasoro haikuonekana, ama kwamba haimo katika waranti. Majibu yote mawili hushindwa kwa maandishi, na maandishi hayo hayana budi kuanza kukusanywa siku unapokabidhiwa funguo.

Tenganisha kwanza mambo mawili ambayo wauzaji hupenda kuyachanganya. Waranti ni ahadi ya mtengenezaji, mara nyingi ya miaka mitatu au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia, na ina masharti: servisi ifanywe kwa wakala aliyeidhinishwa na kwa wakati, huku vinavyolika kwa matumizi, kama vile brekipedi, klachi na waipa, vikiachwa nje. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humfunga yule aliyekuuzia, awe ameandika waranti au la, nayo humtaka akupe bidhaa yenye ubora unaostahili na inayofaa kwa kazi uliyomweleza. Kifungu cha 46 cha Katiba nacho kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na fidia anapopata hasara kutokana na kasoro. Kwa hiyo muuzaji anayekwambia usubiri jibu la kiwanda kutoka Japani hajajivua wajibu wake. Mdai yeye, na kiwanda upelekee nakala tu.

Unapofika gereji, hakikisha kwamba fomu ya kupokelea gari imeandikwa kwa maneno yako wewe, si kwa muhtasari wa karani, kwa kuwa “kukagua injini” hakuthibitishi lolote. Eleza hitilafu hutokea lini: injini ikiwa baridi au moto, kwa mwendo gani, mlimani au tambarare, gari likiwa na mzigo au tupu. Irekodi kwa video ambayo dashibodi na kilomita zinaonekana. Ikiwa hutokea mara moja moja, omba fundi mkuu aketi nawe garini mzunguke hadi aione, kisha udai nakala ya misimbo ya hitilafu iliyosomwa na mashine kabla haijafutwa. Usikubali fundi wa mtaani akukatie waya wa betri ili taa ya injini izime, kwani kufanya hivyo kunaweza kufuta ushahidi wako. Usiondoke bila karatasi inayoonyesha tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na kilichofanywa, hata kama ni “hakuna tatizo”. Karatasi tatu za aina hiyo, zenye lalamiko moja, zina uzito kuliko kelele zozote za mapokezini.

Visingizio viwili vya kukunyima waranti hurudi sana. Cha kwanza ni kifaa cha kufuatilia gari, ambacho benki iliyokukopesha huenda ndiyo iliyokulazimisha kukifunga: pata idhini ya muuzaji kwa maandishi kabla waya haujaguswa. Cha pili ni mafuta machafu, na hapa wauzaji hawasemi uongo wakati wote, kwa maana uchanganyaji wa mafuta taa katika mafuta ya magari umekuwa kero kiasi kwamba Serikali iliweka tozo kwa mafuta taa mwaka 2018 ili kuuzuia. Hifadhi risiti za kituo na ujumbe wa M-Pesa, kisha udai sampuli ipimwe na maabara isiyo ya muuzaji.

Matengenezo yakishindikana, andika barua inayotaja kila tarehe, unachotaka, na siku ya mwisho ya kujibiwa. Ukitaka kulikataa gari lenyewe, sema hivyo mapema na uache kulitumia, kwa sababu anayekaa na bidhaa kupita muda wa kuridhisha huhesabiwa ameipokea, na hapo hubakiwa na haki ya fidia peke yake. Mkopo endelea kuulipa. Benki iliyokukopesha kwa kawaida haihusiki na kasoro. Ripoti ya mkaguzi huru, kwa mfano wa AA Kenya, huongeza nguvu, na malalamiko kuhusu maelezo ya udanganyifu hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60, nawe unaweza kujisimamia mwenyewe. Gharama za matengenezo au za kukodi gari jingine huenea humo. Bei nzima ya gari jipya kwa kawaida huzidi kiwango hicho, na kwa dai hilo tafuta wakili kabla ya kutuma barua.